Kibiri cha Mama Diane

Jumanne, 6 Aprili 2021

Pasaka imeisha, na leo nimeanza kazi isiyo na mshahara. Naandika ili mtu asije akaniambia baadaye kwamba nilikubali kwa furaha.

Mwaka jana ndege zilipoacha kuja, hoteli ya mjini nilikokuwa nafua mashuka ilitufungia mlango. Serikali ikatupa pesa ya Centrelink, ile ya wasio na kazi, ikaiongeza, kisha ikasema tukae nyumbani, hata kazi tusitafute. Nilishika mdomo. Nchi inakulipa ukae! Mwaka huu wameipunguza, na ofisi ya ajira imesema nikitaka kuendelea kuipata niende Jumanne na Alhamisi kufanya kazi bure kwenye bustani ya shirika la hisani hapa Macquarie Fields. Mboga zake wanapewa watu wasio na chakula. Nisipokwenda, pesa inasimama. Basi mimi Chibalonza, niliyefua mashuka ya nusu ya watalii wa Sydney, nimepewa jembe na kizibao cha rangi ya machungwa kinachong'aa kama taa ya barabarani.

Msimamizi wetu anaitwa Rufus, Mwaustralia wa masharubu meupe, anavaa kaptura hata kukiwa na baridi. Nilimwuliza kama yeye analipwa. Akasema ndiyo, huku akiangalia viatu vyake.

Tuko watano. Bisimwa ni Mkongo mwenzangu, alikuwa anapanga maboksi kwenye ghala. Vili ni Mtonga, akisimama mlangoni huoni nje. Shayla ni msichana wa hapahapa, tatuu mpaka shingoni, sigara haimtoki. Wa tano ni Mama Diane, Mrundi, yuko hapa tangu Februari, jina lake la ubatizo Spéciose. Huyo tunajuana tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, tulipanga naye foleni moja ya mahindi. Mume wake, Juvénal, alifariki mwaka jana.

Bisimwa alichimba mashimo mawili, akaegemea jembe, akaniambia:

"Mama Aline, hii njo salongo. Nilikimbia salongo kule Bukavu, imenifuata na ndege."

Nilicheka mpaka Rufus akageuka. Njo ni ndiyo ya kwetu Kongo; salongo, kwa asiyeijua, ni kazi ya lazima ya Jumamosi kule kwetu. Serikali inaita, unatoka na panga, unafyeka barabara, hulipwi, na ukijificha unatozwa faini. Baba yangu aliichukia mpaka anaingia kaburini.


Alhamisi, 8 Aprili

Mvua. Tumekaa bandani tukitazamana. Na hiyo nayo ni kazi, wamesema.


Jumanne, 13 Aprili

Nimegombana na Aline. Mwanangu huyu anasomea kutunza wazee, Kiswahili anakisikia chote, ila hunijibu kwa Kiingereza.

"It's fair, Mum. People pay tax for that money."

Nikamwambia na mimi nimelipa kodi tangu nitue nchi hii. Na kama kazi ipo, kwa nini asiajiriwe mtu? Ama mboga zile zina thamani, na mikono yangu ina thamani, ama vyote havina. Akasema mbona tangu niende bustanini nimeacha kuongea na televisheni. Ni kweli, na hasira ikanizidi.


Alhamisi, 22 Aprili

Leo nimemtazama Mama Diane nikasahau kazi yangu. Analima kama mtu aliyeahidiwa ng'ombe. Udongo wa kule nyuma ni mfinyanzi mtupu, Vili mwenyewe aliushindwa Jumanne, na huyu mama mwembamba aliingia pale asubuhi akatoka jioni, tuta limenyooka. Hakuna aliyemtuma. Nilihisi kitu kama ninachohisi kanisani wanapoimba vizuri.

"Unamlimia nani hivyo, Mama Diane?"

"Rufus."

"Rufus si mwenye shamba."

"Nani anatupokea asubuhi? Nani anatuaga? Huyo ndiye mwenye shamba."

Sikubishana. Mtu aliyefiwa ana haki ya kuwa na maneno yake.


Jumanne, 4 Mei

Nimepanda vitunguu. Mgongo.


Alhamisi, 13 Mei

Tumevuna koliflawa. Sijawahi kuona kitu kama kile: unafunua majani ya kijani, ndani kuna kichwa cheupe kikubwa kuliko cha mtoto. Kila nikifunua moja namwita mtu aje aone. Bisimwa alisema nina ushamba. Nikamwambia yeye avae miwani.

Mchana watu wakaja kuchukua maboksi yao ya mboga. Katika foleni nikamwona Shayla. Alikuwa amevua kizibao, amesimama kama wengine, ameshika mkono wa mtoto wa miaka mitatu hivi. Asubuhi nilikuwa nimemsema kwa Kiswahili kwamba ni mvivu, anavuta sigara wakati wenzake wanakata. Nilimwekea mbili kubwa juu ya boksi lake. Akasema "thanks, aunty." Sijui nani alimfundisha kuniita shangazi.


Alhamisi, 27 Mei

Asubuhi nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, ukikanyaga zinalia. Nilisimama getini kama mtoto. Lakini si hilo ninalotaka kuandika.

Wakati wa chai Mama Diane aliniita pembeni. Alisema mtu wa ofisi ya nyumba amekuja kwake. Anakaa nyumba ya serikali, ya chini, yenye uwanja nyuma, na sheria ya nyumba hizo ni kwamba mpangaji anautunza uwanja. Uwanja wake haujaguswa tangu Juvénal aumwe. Walishamwonya mara mbili. Sasa wamempa mpaka Jumatatu ya tarehe 28 Juni. Uwanja usipokuwa safi, kesi yake inakwenda kwenye baraza la nyumba, na anaweza kutolewa.

"Nimemwambia utakuwa safi," akasema. "Jumamosi ya mwisho watu wanakuja."

"Watu gani?"

"Nyinyi. Na Rufus."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaanza kunieleza taratibu, kama unavyomweleza mgeni. Kwao Burundi kuna kibiri. Leo mnalima kwangu, kesho kwako, kesho kutwa kwa jirani. Mwenye shamba anapika, anatengeneza pombe ya mtama, jioni mnazunguka chungu kimoja na mirija mirefu. Uliyelimiwa, siku ukiitwa huulizi kuna nini. Unabeba jembe. Mtu anayelimiwa halafu hajibu mwito, siku akifiwa atachimba kaburi peke yake.

"Mimi nimelima kwa Rufus tangu Februari," akasema. "Mvua, jua, baridi hii. Atakataaje?"

Basi ndiyo maana ya lile tuta. Sisi wengine tulikuwa tunatumikia adhabu. Huyu mama miezi yote hii alikuwa anaweka akiba ya watu.

Nilitaka kumwambia: dada yangu, hapa si Burundi, Rufus ni kibarua tu mwenye ufunguo wa geti, hakudai na humdai, hii ni karatasi ya ofisi. Lakini alikuwa ananitazama kwa imani kiasi kwamba niliogopa.


Jumanne, 1 Juni

Nilipotoka kazini nimepitia kwake kuuona huo uwanja.

Mungu wangu. Nyasi zinanifika kifuani. Miba imepanda uzio mpaka imeulaza. Katikati kuna kilima kimefunikwa turubai la bluu, nikalifunua pembe moja: mashine za kufulia. Juvénal alikuwa anaziokota kando ya barabara, zile watu wanazotupa, anazitengeneza na kuwapa wageni waliotoka kambini. Hata yangu ya kwanza ilitoka hapo. Alipoanza kuumwa figo aliendelea kuokota, kutengeneza akawa hawezi.

Diane, binti yake, hawezi kuinua kitu. Mgongo wake umeharibika kwa kuinua wazee kazini. Walimwita mtu wa kampuni ya usafi, akataja bei, wakamshukuru na kumfungulia mlango atoke.

"I told Mum nobody's coming," Diane aliniambia jikoni, polepole mama yake asisikie. "Tell her, aunty. She listens to you."

Nikamwambia nitamwambia. Sikumwambia.


Alhamisi, 10 Juni

Leo nimefanya kitu cha woga na nimekaripiwa kwa haki.

Mama Diane alinituma kwa Rufus, kwa sababu Kiingereza changu kimenyooka kuliko chake. Nilimpelekea maneno nikiwa nimeyapaka siagi. Nikasema kuna rafiki yetu ana shida, tunaomba kama itawezekana, tunajua una shughuli nyingi, samahani kwa usumbufu. Hivyo ndivyo nilivyozoea kuongea na kila mtu mwenye meza nchi hii.

Rufus alikuna masharubu. Akasema angependa, kweli, lakini hawezi kutupeleka kwenye nyumba ya mtu. Mtu akikatika kidole huko, bima haimlipi, na yeye kazi imekwisha. Alionekana kuumia. Akaniambia pole.

Nikarudi.

"Umemwambiaje?" Mama Diane akauliza.

"Nimemwomba vizuri sana."

"Umemwomba?" Aliweka ndoo chini. "Mimi sikukutuma kuomba, Mama Aline. Kibiri hakiombwi. Watu wanaitwa."

Akafuta mikono kwenye kitenge, akakatiza bustani nzima mpaka aliposimama Rufus. Sisi wote tukaacha kazi. Kiingereza chake ni vipande, lakini alivipanga kimoja kimoja mbele ya yule mzee.

"Me, your garden. Rain. Cold. Every time. Twenty-six June, you, my garden."

Hakusema tafadhali. Hakuweka kichwa upande kama sisi tunavyoweka. Alisimama wima kama mtu aliyekuja kuchukua mwavuli wake alioazimisha. Rufus akawa mwekundu mpaka masikioni. Alitazama lile tuta la kule nyuma, akamtazama yeye, akasema ataona. Mama Diane akarudi, akachukua ndoo.

"Atakuja," akasema.

Miaka yote niliyokaa hapa sijawahi kumwona mmoja wetu akiongea na mzungu namna ile. Nimepika chakula cha jioni nikiwa bado nimeduwaa, nimeunguza wali.


Jumanne, 15 Juni

Nimewauliza wenzangu. Vili alisema kwao Tonga hilo si jambo la kuulizwa, akauliza tu kama kuna mahali pa kuegesha trela. Shayla alipandisha mabega. Bisimwa alikataa.

"Salongo mbili kwa wiki zinanitosha. Ya tatu siiweze."

"Hii si salongo, mjinga wewe. Hakuna anayekulazimisha."

"Kama hakuna anayenilazimisha, nabaki kitandani. Njo uhuru."

Nilimtukana kwa Kishi, lugha ya kwetu, kwa sababu matusi ya Kishi yana uzito. Nilipofika nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba mimi mwenyewe sijamwambia Mama Diane kama nakuja.


Alhamisi, 17 Juni

Dereva mmoja wa kule pwani, Bondi, amepata korona. Watu wameanza tena kununua karatasi za chooni. Nimemwambia Mama Diane naja. Akasema, "Najua."


Jumatano, 23 Juni

Serikali imetoa amri: nyumba moja haiwezi kupokea wageni zaidi ya watano. Nikampigia Mama Diane simu haraka, nikidhani sasa tumekwisha.

"Watano ni wengi," akasema. "Mwaka jana kumzika Juvénal waliniruhusu kumi. Ilinibidi nichague nani aje kumzika mume wangu na nani abaki nyumbani. Watano kwa kukata nyasi sitalia."

Nilikaa na simu sikioni hata baada ya yeye kukata. Mimi sikuwa miongoni mwa wale kumi. Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba kuna mtu aliyekaa na kuchagua.


Jumamosi, 26 Juni

Nimechoka lakini sitaki kulala kabla sijaandika.

Asubuhi nilifika wa kwanza na panga langu. Mama Diane alikuwa ameamka alfajiri. Maharage, ndizi, mbuzi mzima, na ndoo mpya ya pombe ya mtama imefunikwa kitambaa. Kando yake vikombe vya karatasi, maana mwaka huu nani atathubutu kuchangia mrija. Nilivitazama vyakula vile nikahesabu watu: mimi.

Tulianza sisi wawili. Vili akaja na trela na mashine ya kufyekea, akaingia kwenye miba kama mtu anayeingia baharini kuoga. Shayla akaja kwa miguu na mkasi wa bustani wa mama yake. Hakusema kitu, akawasha sigara, akaanza na uzio. Saa nne hivi nikamwona Bisimwa getini, viatu vyeupe, mikono mfukoni.

"Nimekuja kuangalia tu."

"Angalia ukiwa umeshika hii," nikampa reki. Baada ya muda shati lilikuwa limetundikwa kwenye kamba na anaimba.

Nusu ya uwanja ikafunguka. Tuliona ardhi. Tuliona njia ya saruji ambayo Mama Diane mwenyewe alikuwa amesahau kwamba ipo. Lakini kilima cha mashine kilibaki na turubai lake, na kila mtu akikisogelea, Mama Diane anamzuia.

"Mwenye shamba hajafika."

Mchana ukafika. Nilijua sasa ni wajibu wangu kumwambia ukweli. Nilimvuta pembeni, nikaanza: "Dada, sikiliza, Rufus..." Hapo hapo Diane akatoka nje na simu mkononi, uso umebadilika. Sydney nzima inafungwa. Kuanzia saa kumi na mbili jioni, leo, hakuna kutoka.

Vili akazima mashine. Niliona kila mmoja wetu akifikiria nyumba yake: maziwa, mkate, dawa, foleni ya dukani. Shayla alitazama barabarani, mtoto wake alikuwa kwa bibi yake. Nilijua neno la kwanza litakalosemwa litakuwa la kuondoka, na sikumlaumu yeyote, kwa sababu hata mimi lilikuwa mdomoni.

Tukasikia lori linarudi kinyumenyume, lile linalopiga kelele mtaa mzima. Likasimama getini. Akashuka Rufus, kaptura ileile, barakoa imeshuka kidevuni.

Alikuja moja kwa moja kwangu ili nimfasirie. Wiki mbili amewaomba wakubwa wake ruhusa, wamekataa. Jana wakamwonya asiguse hata jembe moja la shirika, asivae hata kofia yao. Kwa hiyo amekuja na vitu vyake, na lori la shemeji yake, ndiyo maana amechelewa. "Sikuja kama msimamizi," akasema. "Nimekuja Rufus tu."

Nikamfasiria Mama Diane. Yeye hakushukuru. Alimpa jembe.

"Mwambie amechelewa."

Safari hii sikupaka siagi. Nikamwambia, "She says you're late." Rufus akainamisha kichwa kama mtoto wa shule, akasema anajua. Na hakuna aliyetaja maziwa tena.

Mama Diane mwenyewe ndiye aliyelivua lile turubai. Mashine zilipakiwa moja moja, Vili upande mmoja, Rufus na Bisimwa upande wa pili, na kila moja ikipita yeye anaigusa kwa kiganja, haraka, kama unavyogusa jeneza likipita. Tulipofika zile za chini, ambazo turubai lilizilinda vizuri, Vili akasimama. Akasema moja haina kutu. Akavuta waya mrefu kutoka jikoni, akaichomeka, hatukutegemea kitu.

Ikawaka. Ile taa ndogo nyekundu ikawaka, ikanguruma, na pipa likaanza kuzunguka.

Tulisimama wote saba kwenye vumbi tukitazama mashine tupu inazunguka. Mimi nimesikiliza mashine za kufulia nusu ya maisha yangu ya Sydney, lakini leo nilikuwa nasikia mtu. Juvénal, aliyezikwa na watu kumi, alikuwa ameimaliza hii, akaifunika, na kutuachia. Bisimwa alivua kofia. Rufus akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyeitengeneza, na Diane akamjibu, "My dad."

Mama Diane alimtazama Shayla.

"Wewe, unafua wapi?"

Nikafasiri. Shayla akasema kwenye mashine za kulipia kule stesheni, na nguo za mtoto anafua kwa mkono.

"Hii ni yake," Mama Diane akasema, akaenda kuangalia mbuzi.

Shayla alilia hadi wanja ukamshuka. Nilimkumbatia, korona au si korona.

Kilichobaki tulikifanya kama wendawazimu. Jua la majira haya linaondoka mapema na saa ilikuwa inatufukuza. Rufus aliusimamisha uzio, Bisimwa akafagia, Bisimwa yuleyule! Tukala tumesimama, tumeachana hatua kadhaa, vikombe mkononi. Mama Diane alimmiminia Rufus wa kwanza, kwa mikono miwili. Rufus alionja pombe ya mtama, macho yakamtoka, akaomba tena. Kisha tukaanza kuondoka mmoja mmoja kabla ya polisi kuanza kuuliza.

Nilibaki mwisho. Uwanja ulikuwa mtupu kabisa, udongo mweusi umekwanguliwa, mkubwa kuliko nilivyoudhania. Mama Diane alisimama katikati, mikono kiunoni.

"Sasa nimemzika," akasema.

Nilikimbia kuwahi basi nikilia ndani ya barakoa.


Jumatatu, 28 Juni

Mtu wa nyumba hakuja, kwa sababu ya kufungwa. Aliomba picha. Diane amepiga, amezituma. Tunasubiri. Sijala.


Alhamisi, 1 Julai

Leo simu yangu imeita mara mbili kabla ya chai.

Kwanza ofisi ya ajira: kwa sababu ya hali ya sasa, hakuna anayetakiwa kwenda bustanini, na pesa haitaguswa. Kumbe inawezekana. Yaani miezi yote nimelima kwa kutishwa, na mtu mmoja akibonyeza kitufe, tishio linaondoka na dunia haianguki. Acha niandike hapa kwa herufi za kusomeka: bado nasema ni makosa. Anayetaka jasho la mtu alilipe. Kulazimishwa ni kulazimishwa, hata ukilima mboga za maskini, na baba yangu angenielewa.

Wa pili alikuwa Mama Diane. Wamezikubali picha. Kesi hakuna. Nyumba anabaki nayo. Nilipiga kelele hadi Aline akatoka chumbani na mswaki mdomoni.

"Sasa," Mama Diane akasema, sauti yake kama kawaida, "wewe utaita lini?"

"Kuita nini?"

"Watu. Umelima kwangu. Nina deni lako la siku moja, na wenzako pia wamekuona. Una kazi gani?"

Nikamwambia mimi nakaa ghorofani, sina hata chungu cha maua. Akasema hakuna mtu asiye na kazi ya watu wengi, akakata.

Nimezunguka nyumba siku nzima. Nimefika chumba cha Aline, nikasogeza kabati. Ukuta wa nyuma ni mweusi kwa ukungu tangu mvua za Machi. Mara ngapi nimesugua peke yangu usiku wa kuamkia siku ya kazi, na mara ngapi nimemwomba mwenye nyumba, vizuri sana, kwa samahani zote. Nikasimama pale. Nikaona kwamba tangu nishuke kwenye ndege sijawahi kumwita mtu. Nimeomba, nimejaza fomu, nimesubiri kwenye viti vya ofisi. Kuita sijaita.

Nikachukua simu. Niliogopa kuliko siku ya mahojiano ya uraia. Nilianza na yule mgumu kuliko wote.

"Bisimwa. Siku wakitufungulia, Jumamosi ya kwanza ni kwangu. Tunasugua ukuta na kupaka rangi."

Nilikuwa karibu kuongeza tafadhali. Nikaling'ata.

Nikamsikia anainuka kitandani.

"Utapika nini?" akauliza.

"Samaki na bugali."

"Basi minakuja. Na Rufus umemwambia?"

Nikasema namwita sasa hivi.